Kutoka msafara hadi 115: safari ya habari za wagonjwa kwenye njia ya Tabora

Kigwa, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, ilikuwa kituo cha misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo wakakatiza Ugogo walipumzika hapo, wakiwa wamebakiza mwendo mfupi kufika Kwihara na Tabora. Ndui ilisafiri nao njia hiyo hiyo pamoja na nguo na shanga, na habari ya ugonjwa haikuweza kuutangulia msafara ulioubeba.

Mwendo wa habari za wakati huo unaweza kupimwa. Tarehe 14 Machi 1872 Henry Stanley aliagana na David Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, akashuka pwani kumtafutia watu wa safari. Watu hao walifika Kwihara katikati ya Agosti. Ombi moja na jibu lake vilichukua miezi mitano.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikageuza miezi kuwa siku kwa waliokaa karibu na stesheni. Madaktari wa ndege wa shirika la AMREF walianza kazi Nairobi mwaka 1957, na redio zao za mawasiliano zikaunganisha hospitali za mbali za Afrika Mashariki. Zahanati ya kijijini ilibaki nje ya mtandao huo.

Miaka ya 1990 Tanzania ilijenga mfumo uitwao MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ulikuwa mfumo wa vitabu: kimoja cha wagonjwa wa nje, kingine cha wajawazito, kingine cha waliojifungua. Mwisho wa mwezi mhudumu alihesabu vijistari alivyochora, akajaza fomu, na fomu ikapelekwa wilayani kwa basi, baiskeli au mkono wa mtu. Ilipofika mkoani, mlipuko iliouripoti huenda ulikwisha kuua na kupoa. Hata hivyo MTUHA inastahili heshima. Ndiyo iliyowazoesha wahudumu kuandika, na kompyuta zilipokuja zilikuta hesabu za kuingiza. Mwaka 2013 taarifa hizo zilikuwa zinaingizwa nchi nzima katika DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wa Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo.

Kabla ya hapo simu ya kawaida ya mkononi ilikuwa imekwisha kuonyesha uwezo wake, tena hata Kigoma, kwenye ncha ya magharibi ya njia ile ile ya misafara. Mwaka 2009 jaribio la SMS for Life lilianza Kigoma Vijijini, Lindi Vijijini na Ulanga, katika vituo 129. Kila Alhamisi mhudumu alipokea ujumbe unaomuuliza dawa za malaria zilizobaki, naye akajibu bila kulipia. Mganga mkuu wa wilaya aliona mara moja kituo gani kimeishiwa. Wiki ya kwanza vituo 78 kati ya kila 100 vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Lindi Vijijini upungufu ulikwisha kabisa, lakini Kigoma Vijijini karibu nusu ya vituo viliendelea kukosa. Tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa sana, kwa sababu ujumbe hufichua rafu tupu, lakini haujazi ghala.

Utafiti nao umechangia. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Rudolf Geigy wa Uswisi, ilikuja kusimamia ufuatiliaji wa jamii ya Rufiji ulioanza mwaka 1998, nyumba kwa nyumba, kuandika waliozaliwa, waliohama na waliokufa. Takwimu za aina hiyo zilizisaidia Rufiji na Morogoro Vijijini kuelekeza bajeti kwenye magonjwa yaliyoua zaidi, na vifo vya watoto vikapungua sana katika miaka michache. Ufuatiliaji wa aina hiyo humhesabu pia asiyefika zahanati, ambaye DHIS2 haimwoni kabisa.

Mabadiliko yanayomgusa mwananchi moja kwa moja zaidi ni M-mama. Mpango huu ulijaribiwa Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano wa serikali na Vodafone Foundation, na tarehe 6 Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa jijini Dodoma. Mjamzito akipata dharura, yeye, ndugu yake au mhudumu hupiga namba 115. Mpokeaji humuuliza dalili, programu humwonyesha kituo kinachofaa na gari lililo karibu. Gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyeandikishwa na kufunzwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Kwa mkoa mpana kama Tabora, wenye vijiji vilivyotawanyika katika miombo na mashamba ya tumbaku, uamuzi wa kumtumia dereva wa jirani ndio moyo wa mpango wote.

Makadirio ya vifo vya wajawazito Tanzania yalikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, na 104 katika ule wa 2022. Si haki kuipa M-mama sifa hiyo, kwani ilienea nchini baada ya takwimu hizo. Vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji na wakunga walioajiriwa vilitangulia. Simu hufupisha muda wa kumfikisha mama kituoni. Akifika asikute damu wala mpasuaji, muda huo umeokolewa bure. Ndiyo maana fedha za mitandao zisichukuliwe kutoka fungu la wakunga.

Siri za wagonjwa katika mifumo hii nazo zimepata kinga ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Namba ya M-mama ni 115. Kuipiga ni bure, na mwenye mjamzito nyumbani aiweke kwenye simu yake mapema, kabla uchungu haujaanza.