Jani Likinasa

Wazee waliotoka Kigoma, Njombe na Songea kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa ukoloni waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba kama mzigo. Nilipoanza kazi korona mwaka 1971, namba zile zilikwisha pita, lakini mgeni alipokewa vilevile. Msimamizi alinionyesha ukanda unaopeleka majani kwenye mashine, akasema, "Tazama wenzako," akaenda zake. Korona ina magurudumu yenye visu butu; huliponda jani, zikabaki nyuzi. Mkono nao kwake ni jani tu.

Mzee mmoja Muha alinivuta kando. "Mwanangu, jani likinasa, liache liende. Usilifuate." Hayo ndiyo mafunzo yangu yote.

Kijana tuliyeanza naye siku moja hakuambiwa. Wiki ya pili alilifuata. Akapoteza vidole vitatu, na katika taarifa akaandikwa mzembe. Mzembe! Sheria ya viwanda ilikuwapo tangu mwaka 1950, nasi hatukuwahi kuisikia.

Tangu hapo, kila mgeni alipoletwa ukandani, nilimwambia habari ya jani kwanza, ndipo nikamwuliza jina.