Kupanua Kiendeshi cha Kipimio

Printa ikigoma kuchapa, fundi wa kompyuta huuliza kwanza kama draiva yake imewekwa. Draiva hiyo ndiyo tunayoiita pia kiendeshi. Ndani ya maabara neno hili lina maana finyu zaidi: kiendeshi cha kipimio ni mkusanyiko wa programu ndogo zinazoijua lugha ya kifaa kimoja cha kupimia, multimita au osiloskopu kwa mfano, ili mtafiti asilazimike kuikariri yeye mwenyewe.

Mazingira yanayofahamika sana kwa kazi hii ni LabVIEW, yaliyotolewa mwaka 1986 na National Instruments ya Austin, Texas, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Humo programu huchorwa. Kila kazi ni kisanduku chenye ikoni, data hupita kwenye nyaya, na kisanduku hakianzi kazi mpaka data zote zinazokihusu ziwe zimekifikia. Programu ndogo ya namna hiyo huitwa VI, na kiendeshi ni maktaba ya VI: ya kufungua mawasiliano, za kukiandaa kifaa, za kusoma matokeo, na ya kufunga.

Mwandishi wa kiendeshi hawezi kuitia kila amri iliyomo kwenye kitabu cha kifaa. Huchukua zinazohitajiwa na wengi, na pengo hubaki kwa wale wachache wenye kazi ya pekee. Tuchukue multimita ya 34401A, iliyobuniwa na Hewlett-Packard na kuenea katika maabara nyingi duniani. Inapopima volteji ya mkondo mnyoofu, kwa kawaida ukinzani wake wa ndani ni megaohm 10. Kwa betri hilo halina neno. Lakini ukipima chanzo chenye ukinzani wa megaohm 1, volti 1 itasomeka kama volti 0.91 hivi, kwa sababu multimita yenyewe imejiunga na saketi na kuivuta chini. Hasara ya asilimia 9, kwenye kifaa chenye tarakimu sita na nusu!

Dawa imo ndani ya kifaa chenyewe. Amri INP:IMP:AUTO ON hupandisha ukinzani huo kupita gigaohm 10 kwenye masafa ya milivolti 100, volti 1 na volti 10. Tuseme kiendeshi ulicho nacho hakina VI ya kuituma. Hapo ndipo kupanua kunapoanza. Fungua VI ya maandalizi inayofanana na unayoitaka, hifadhi nakala yake kwa jina jipya ndani ya maktaba, kisha badilisha matini ya amri, ikoni na maelezo ya msaada. Sehemu za kuunganishia nyaya usiziguse: utambulisho wa kifaa huingia kushoto juu na kutoka kulia juu, taarifa za hitilafu hupita chini yake. Mpangilio huo ndio unaoiwezesha VI mpya kukaa safu moja na za zamani. Ukimaliza, iendeshe, kisha kiulize kifaa hitilafu zake kwa amri ya SYST:ERR?. Kikijibu -113, hakikuitambua amri. Kagua herufi na nuktapacha zako.

Mahali pa kuiweka VI hiyo ni jambo la kuangaliwa sana. Kwenye 34401A, amri za CONF na MEAS?, ambazo huchagua aina ya kipimo, huurudisha mpangilio huu wa ukinzani kwenye OFF bila kukuonya. VI yako ikitangulia ile ya kuchagua aina ya kipimo, kila kitu kitaonekana sawa, hakuna hitilafu itakayoripotiwa, na vipimo vitakuwa na kasoro ileile. Iweke baada ya kuchagua aina ya kipimo na kabla ya kusoma, na waya wa hitilafu upite humo ili utaratibu usivurugike.

Kazi hii ya kuongeza VI bila kugusa za zamani wengine wangeiita kurekebisha, lakini mimi nalishikilia neno kupanua. Kurekebisha kunadai kwamba kulikuwa na kasoro, na kunamkaribisha mtu aingie kwenye VI za zamani na kuzichokonoa. Wapo watakaovutwa na neno kunyambua, kwa kuwa katika sarufi mzizi hubaki ulivyo na viambishi ndivyo vinavyoongezeka. Picha hiyo ni sahihi kabisa, ila kwa wengi wetu kinachonyambuliwa ni nyama, na haibaki nzima. Kupanua kunaeleweka darasani na kwenye karakana vilevile: kilichokuwepo kipo, na nafasi imeongezeka.

Maana hiyo inadai nidhamu. VI ya zamani ikibadilishwa ndani, kila programu inayoiita itabadilika nayo, hata ya mwenzako wa chumba cha pili ambaye hana habari. Toleo jipya la kiendeshi nalo likiwekwa juu ya la zamani, kazi yako inaweza kufutika. Kwa hiyo nakili maktaba nzima kwanza, ipe jina lake, na ndani ya maelezo yake andika imetokana na kiendeshi kipi, toleo gani, na umeongeza nini.