UZI: Mwalimu mkuu "ametafuna pesa"? Turudi nyuma kidogo

Msimu wa siasa ukifika Migori na Homa Bay, jukwaani hakukosi mtu wa kusema mwalimu mkuu wa shule fulani ya mjini amekula pesa za watoto. Wengine wamekula kweli, sibishi. Lakini hizo pesa hufika lini, na ngapi?

Twende polepole. Eneo hili lilipokuwa bado Wilaya ya South Nyanza, shule nyingi zilianzishwa na makanisa (Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906) au zilijengwa kwa harambee baada ya uhuru. Mwenye shule alijulikana. Mwaka 1967 ikaja TSC, ikachukua walimu. Mwaka uliofuata, Sheria ya Elimu ikatoa usimamizi mikononi mwa makanisa, yakabaki wafadhili tu. Sawa. Lakini mpishi, mlinzi na karani? Hao walibaki kwa meza ya mwalimu mkuu. Wako hapo mpaka leo.

Halafu 2008, sekondari ya kutwa bila karo. Serikali ilianza na shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kufikia 2018 ikawa 22,244. Mwaka huo huo wa 2018 likaja agizo kwamba kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Madarasa yakafurika, walimu wa TSC hawakutosha. Bodi zikaajiri wao wenyewe, wale tunaowaita walimu wa BOM. Mshahara wao? Bodi itafute. Na katibu wa bodi, kwa sheria ya 2013, ni nani? Mwalimu mkuu huyo huyo.

Kwenye karatasi pesa huja kwa mafungu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Shuleni hufika nusu nusu, saa zingine muhula ukikaribia kuisha. Mwaka 2025 Wizara ya Fedha ilikiri mbele ya wabunge kwamba mgao ulikuwa umeshuka hadi kama 16,900. Chukua shule ya watoto 600, piga hesabu: pengo la shilingi 3,206,400 kwa mwaka. Anayeleta mahindi na maharagwe hajui habari ya mgao. Anajua deni lake.

Kuna na ile ya usajili. Mfumo wa NEMIS ulipoanza 2017, mtoto bila cheti cha kuzaliwa hakuingia, na asiyeingia hakuletewa pesa. Sasa fikiria yatima anayelelewa na nyanyake Mbita, au mtoto wa Isebania pale mpakani ambaye mzazi mmoja ni Mtanzania. Yuko darasani, anatumia chaki na maabara kama wenzake, ila kwa hesabu ya Nairobi hayupo. Mwalimu mkuu amfukuze? Haruhusiwi.

Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani kutafuta ugavana na kuahidi "nitawafuta walimu wakuu wote wezi", mwulize atatumia sheria gani. Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari iko chini ya serikali ya kitaifa, na anayeajiri na kufuta mwalimu mkuu ni TSC.