Kasulu na Kibondo: Makao Makuu ya Nyanda za Buha

Historia ya Mkoa wa Kigoma imeandikwa kutokea ziwani. Msomaji anakutana na bandari, kituo cha mwisho cha reli ya kati, Ujiji na misafara ya pembe, Livingstone na Stanley chini ya mwembe. Nyuma ya hapo ardhi inapanda, na huko juu ndiko wanakoishi watu wengi wa mkoa huu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya watu 200,000 katika Halmashauri ya Mji wa Kasulu, karibu sawa na Manispaa nzima ya Kigoma-Ujiji. Mji wa namna hiyo hauwezi kuendelea kuitwa kituo cha njiani. Kasulu na mwenzake Kibondo ni warithi wa makao ya kifalme, na kila utawala uliokuja ulivisogeza vitovu vya nchi hii kwa haja zake wenyewe.

Tuanze na ardhi. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Ukiliacha na kushika barabara ya Kidahwe, unapanda hadi kuvuka mita 1,200 kabla ya kuingia Kasulu, na magharibi ya mji, kuelekea Heru Juu na Manyovu, milima inazidi kuinuka hadi mpaka wa Burundi. Huko ni nchi ya migomba, maharage na kahawa, yenye mvua ya kutosha na ubaridi wa asubuhi. Mashariki ardhi inashuka taratibu kwenye miombo, nchi ya mihogo na asali, kisha inazama kwenye mabwawa ya Moyowosi upande wa Kibondo. Mto Malagarasi umeizunguka nchi hii karibu yote: unaanzia kwenye milima ya mpakani, unakwenda kaskazini ukigawa Tanzania na Burundi, unageuka mashariki, unashuka kusini kwenye mabwawa, kisha unarudi magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo yaliyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Ndani ya duara hilo la mto ndipo penye Buha, nchi ya Waha. Nchi haikuwa na mfalme mmoja. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini kwenye Kakonko ya leo, na falme nyingine ndogo zilikuwa pembeni. Kila moja ilikuwa na mwami wake, na chini yake batwale waliosimamia maeneo na kukusanya kodi. Bateko, wazee wa ardhi ambao koo zao zilikuwepo kabla ya nasaba za kifalme, walibaki na kazi ya kuombea mvua, mavuno na mashamba mapya. Mwami alitawala watu na ng'ombe, lakini udongo ulikuwa na wenyewe. Kwa maoni yangu mgawanyo huo wa madaraka unastahili kufundishwa katika shule za mkoa huu, kwa sababu unaonyesha siasa iliyokomaa kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa.

Nguvu ya dola hizo Stanley aliionja mwenyewe. Novemba 1871, akiwa karibu kufika Ujiji, alizuiwa na mtwale aitwaye Mionvu, aliyemtoza hongo kubwa ya nguo. Akalipa. Alipopata habari kwamba mbele kuna batwale wengine wanaomngoja kwa hongo kama hiyo, alikodi mwongoza njia akapenya porini usiku, msafara mzima ukiwa kimya, mpaka alipotoka Buha. Vitabu vingi hulisimulia tukio hilo kana kwamba ni kisa cha wanyang'anyi. Mimi ninaliona kama ushuru wa mpakani unaotozwa na serikali inayojua mipaka yake.

Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 makao ya utawala yakawa yamefungwa ziwani. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliwafukuza, likashika nchi hadi 1921, likaikabidhi kwa Waingereza. Hawa waliiweka Buha katika Jimbo la Magharibi ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Mtu wa Kibondo mwenye shauri la kufika kwa mkuu wa jimbo alipaswa kushuka milimani hadi relini, kisha apande garimoshi kuelekea mashariki. Kasulu na Kibondo zilibaki boma za wilaya: ofisi ya bwana shauri, mahakama, zahanati, maduka machache na soko.

Wakati huo nchi ilikuwa imejeruhiwa tayari. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, malisho yakageuka vichaka, na ndorobo wakafuata vichaka. Malale yaliposhamiri, serikali ya Mwingereza katika miaka ya 1930 iliwahamisha maelfu ya watu kutoka miomboni na kuwakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa, hasa upande wa Kibondo. Ugonjwa ulidhibitiwa, lakini sehemu kubwa ya mashariki ilibaki bila watu. Anayeiona leo Moyowosi kama pori la asili akumbuke kwamba pembezoni mwake palikuwa na mashamba na mizimu ya watu.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Buha haikupewa zao kubwa la biashara, na vijana wakalipia kodi kwa miguu yao. Tangu 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na ofisi yake ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Waha wakawa miongoni mwa waliotegemewa mno. Mtu aliandikishwa, akapelekwa hadi Kigoma, akapanda garimoshi na kwenda Morogoro au Tanga kuwa manamba, akihesabiwa siku zake za kazi kwenye kipande. Wengine hawakurudi kabisa. Nyumbani mashamba yalilimwa na wanawake, na ninaamini ndipo ilipoanzia sifa ya maharage ya Kigoma: ni kazi ya waliobaki.

Katika miaka hiyo hiyo Heru ilitawaliwa na mwanamke. Mwami Theresa Ntare alishika kiti mwaka 1946, na baada ya uhuru akawa mbunge, akiuhamishia ukumbi wa taifa uzoefu wa baraza la mwami. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Mwaka 1966 Kanisa Anglikana liliunda Dayosisi ya Western Tanganyika, likaweka kiti chake Kasulu chini ya Askofu Musa Kahurananga. Kwa kanisa hilo, basi, makao makuu yalikuwa milimani.

Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilifika. Waha walizoea kuishi kila mtu katikati ya migomba yake, mlima huu nyumba moja, ule nyingine. Wakahamishwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari kando ya barabara. Shule na visima vilisogea karibu, migomba ikabaki mbali. Kwa wazee waliokumbuka malale, huo ulikuwa uhamisho wa pili.

Mwaka huo huo watu wa Burundi walianza kuvuka mpaka wakikimbia mauaji, na kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993 kulileta wimbi kubwa zaidi. Zikafunguliwa kambi za wakimbizi: Mtabila na Muyovosi wilayani Kasulu, Nduta, Kanembwa na Mtendeli upande wa Kibondo. Nyarugusu ilianza 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 meli ya Liemba ilipobeba Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, nao wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, kambi hiyo ilivuka watu 150,000. Kibondo, mji mdogo wa matofali ya kuchoma, ukajaa ofisi za mashirika, nyumba za kupanga, madereva na walinzi. Wenyeji walipata ajira na soko la mihogo, wakapoteza kuni na misitu. Na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, Mha akisafiri hutiliwa shaka na kudaiwa athibitishe uraia wake, hata yule ambaye babu yake alikata mkonge Korogwe. Hilo ni deni la nchi kwa watu hawa.

Mwaka 2012 wilaya ziligawanywa: Buhigwe ikatoka Kasulu, Kakonko ikatoka Kibondo. Majina ya falme hayakupotea; Muhambwe ni jimbo la uchaguzi, na Buyungu lilikuwa jimbo hadi mwaka 2025. Gridi ya taifa imezifikia Kasulu na Kibondo baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli. La maana zaidi ni barabara. Siku ya gulio Kasulu, migebuka mikavu na madumu ya mawese bado vinapanda kutoka ziwani, lakini magunia ya maharage na mikungu ya ndizi yanaelekea kwingine. Lami inayopita Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi inayafikisha Kahama na Mwanza bila kushuka Kigoma, na kwa mara ya kwanza tangu reli ya 1914 mfanyabiashara wa Buha anaweza kuchagua upande wa kuelekea.