Kinyonga ndani ya kizimba: majani gani yanamufaa, gani yanamuua?

Katika viwanja vya Goma, Bukavu, Butembo na vijiji vya milimani, kinyonga si mugeni. Watu wengi wanamuogopa na kumupiga mawe, lakini hana sumu. Kuko pia vijana wenye kumukamata na kumufuga. Mara nyingi anakufa kisha wiki chache, bila mwenye kumufuga kujua sababu. Sababu moja kubwa ni kizimba kisicho na majani mazima, ao chenye majani mabaya.

Majani yanamusaidia nini?

Kwa kawaida kinyonga hanywi maji ya kwenye sahani. Anaramba matone kwenye majani, kama vile umande wa asubuhi. Ikiwa hakuna majani ya kunyunyizia maji, anaweza kufa na kiu hata sahani ikiwa imejaa. Tena majani yanamuficha. Kinyonga anayeonekana pande zote anabaki na woga, anaacha kula, na anadhoofika polepole.

Miti ya kuchagua

Miguu ya kinyonga inashika tawi kama koleo. Kwa hiyo tafuta muti wenye matawi magumu kidogo, membamba na manene pamoja.

- Hibiskusi: ua linalopandwa kwenye viwanja vingi. Majani yake na maua yake hayana sumu.
- Fikusi ndogo ya kwenye chungu: iko na matawi mengi na kivuli kizuri. Usiikate kate ovyo, sababu utomvu wake unawasha.
- Drasena: muti wa mipaka ya mashamba. Majani yake marefu yanashika matone.
- Matembele: yanatambaa haraka na kufunika kizimba. Hata mududu akiyala, hakuna shida.

Ongeza matawi makavu ya mapera ao ya kahawa ili apate njia ya kutembea. Kizimba kiwe cha wavu, hewa ipite, na kisimame wima, sababu kinyonga anapenda kupanda juu.

Miti ya kuepuka

Kinyonga anayefugwa sana Ulaya na Marekani ni yule wa Yemeni, na huyo anakula majani kabisa. Wale wa milima yetu, kama kinyonga wa Johnston mwenye dume la pembe tatu, ao kinyonga wa Elliot aliye mudogo, wanakula zaidi wadudu. Lakini jani linaweza kumezwa pamoja na mududu. Kwa hiyo usiweke kabisa:

- lorie-roze na datura, maua mazuri yenye sumu kali;
- euforbia ya kwenye nyua, yenye maziwa yanayochoma macho;
- mbarika na lantana;
- mtupa, ule wa kulewesha samaki;
- sombe mbichi: kwetu ni chakula kisha kuponda na kupika, lakini ikiwa mbichi iko na sumu;
- muti wenye miiba.

Kabla ya kuingiza muti

Usichukue muti pembeni ya shamba la nyanya ao viazi lililopigwa dawa. Osha majani yote, badilisha udongo, kisha uache muti inje wiki chache. Funika udongo wa chungu na mawe makubwa ili asiumeze. Lakini jike la Johnston linataga mayai: liachie chungu kimoja kirefu chenye udongo laini, wenye unyevu, bila mawe. La Elliot linazaa watoto wazima, halihitaji kuchimba.

Nyunyiza maji asubuhi na magaribi, kisha acha majani yakauke katikati. Kizimba chenye kulowa siku nzima kinaleta ugonjwa.

Sheria inasema nini?

Wanyama wa pori katika Congo wanalindwa na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Kumutoa kinyonga ndani ya mbuga ya taifa kunakatazwa. Kumuuza inje ya inchi kunahitaji kibali, sababu vinyonga wa kwetu wako ndani ya mapatano ya CITES.

Kwa mutoto anayetaka tu kumuangalia, njia rahisi ni kupanda hibiskusi kwenye kiwanja na kumuacha kinyonga aje mwenyewe. Na yule aliyekwisha kukamatwa na anakataa kula, arudishwe kwenye kichaka kilekile alikotolewa.