Mwana wa Lupaso na watu wa Mlimani

Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, walipoivamia Masasi, Chauncy Maples, mmisionari aliyesoma Oxford, alipanda uwanda wa Wamakonde akahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Misheni yake, iliyofika Masasi 1876 na watumwa waliokombolewa, ilibeba jina la vyuo vikuu vya Uingereza, na wamisionari wake walijikuta wakiamua kesi za kijiji. Kumbe msomi kukalia kiti cha utawala ni habari ya zamani huku kusini.

Benjamin Mkapa wa Lupaso, Masasi, hakuwa mhadhiri. Alipita Ndanda na Pugu, akahitimu Makerere 1962, akawa mhariri wa magazeti. Lakini alipokuwa Rais, watu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipata nafasi serikalini. Mwaka 2000 alimteua Asha-Rose Migiro, mhadhiri mwandamizi wa sheria aliyepata uzamivu Konstanz, Ujerumani, kuwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto.

Hapo ndipo vyeti hugonga mwamba. Kwa Katiba yetu, waziri sharti awe mbunge. Migiro aliingia kwa viti maalumu. Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme aliyekwisha kuwa katibu mkuu wa wizara, alikwenda kwao Rungwe Mashariki kuomba kura. Mlango wa tatu ni zile nafasi 10 za uteuzi wa Rais: Januari 2017 Rais Magufuli alimpitisha humo Profesa Palamagamba Kabudi, na Machi akamkabidhi Wizara ya Katiba na Sheria.

Mimi naona mlango wa kura ndio mgumu zaidi. Darasani mhadhiri ndiye anayeuliza. Newala, ambako maji husukumwa kwa pampu hadi juu uwandani, mgombea ataulizwa bomba litatoa maji lini na korosho italipwa bei gani. Shahada yake ibaki kwenye bahasha. Hata bungeni kuna maswali ya nyongeza, nayo hayana mwongozo wa kusahihishia.

Migiro aliyahimili. Januari 2006 akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Mambo ya Nje, na 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mkapa naye, baada ya Ikulu, alivaa joho: alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, akiwatunuku wahitimu, hadi alipofariki Julai 2020 na kurudishwa Lupaso kuzikwa.