Nauli jumuishi na nauli ya kawaida katika meli za kitalii

Nauli jumuishi ni mtindo wa bei ambapo abiria wa meli ya kitalii hulipia kila kitu kwa mkupuo kabla ya kupanda: chumba, chakula, vinywaji, bakshishi, intaneti, na katika baadhi ya kampuni hata matembezi ya nchi kavu. Hutumiwa zaidi na kampuni za anasa kama Regent Seven Seas, Silversea, Seabourn na Crystal. Kampuni za soko la kawaida, zikiwemo Carnival, Royal Caribbean, Norwegian na MSC, hutoza nauli ya chini, kisha huuza mengine melini. Kwa kuwa bei hizi mbili hazibebi vitu vilevile, anayezilinganisha kama zilivyo kwenye tangazo hupotoka.

Historia

Safari za bahari kwa ajili ya starehe zilianza karne ya 19. Mwaka 1891 Albert Ballin wa kampuni ya Hamburg aliipeleka meli Augusta Victoria katika Bahari ya Mediterania wakati wa baridi, msimu ambao abiria wa Atlantiki walikuwa wachache. Mwaka 1900 kampuni hiyo ilizindua Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa mahsusi kwa utalii.

Ndege za jeti ziliponyang'anya meli abiria wa masafa marefu, biashara ilihamia Karibi. Ted Arison na Knut Kloster walianza safari kutoka Miami mwaka 1966, na mwaka 1972 Arison akaanzisha Carnival. Hapo ndipo ulipokomaa mtindo wa nauli nafuu inayosindikizwa na baa, kasino na maduka. Meli ya kwanza ya Seabourn iliingia kazini mwaka 1988, na Silversea ilianzishwa mwaka 1994 na familia ya Lefebvre ya Roma. Leo Seabourn ni mali ya Carnival Corporation, Silversea ni ya Royal Caribbean Group, na Regent ni ya Norwegian Cruise Line Holdings. Kwa hiyo anayekimbia kampuni kubwa na kwenda kwenye anasa mara nyingi hulipa kwenye mfuko uleule.

Kinacholipiwa na nauli

Nauli ya kawaida si ya kudharauliwa. Inalipia chumba, milo mitatu katika ukumbi mkuu au bufee, maji, chai na kahawa ya kawaida, maonyesho ya jioni, mabwawa ya kuogelea na, katika meli nyingi, malezi ya watoto mchana. Soda, pombe, migahawa maalumu, intaneti, kufuliwa nguo na matembezi ya bandarini huwa na bei yake. Fedha taslimu hazipokewi: kadi ya plastiki inayofungua mlango wa chumba ndiyo inayogongwa baani na dukani, na deni huonekana lote kwa pamoja siku ya kushuka. Mpango huu umesukwa kwa ustadi, kwa sababu mkono haushiki noti na moyo hausiti.

Kifurushi cha vinywaji ndicho kinachozua maswali mengi. Hulipiwa kwa kila siku ya safari, huongezewa asilimia 18 hadi 20 ya huduma, na kwa kawaida watu wazima wote wa chumba kimoja hulazimika kukinunua mmoja wao akikitaka. Carnival huweka kikomo cha pombe 15 kwa siku.

Nauli jumuishi nayo haijumuishi kila kitu, licha ya jina lake. Mvinyo adimu, masaji na kasino hulipiwa kando. Seabourn hutoza matembezi mengi ya bandarini, ilhali Regent huyaingiza mengi katika nauli. Silversea humpa kila abiria mhudumu binafsi wa chumba.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mfano wa abiria mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Nauli ya kawaida ni dola 140 kwa siku. Akiongeza bakshishi dola 18, kifurushi cha vinywaji dola 80 pamoja na asilimia 20 ya huduma, intaneti dola 20 na matembezi ya dola 90, jumla inafika dola 364. Nauli yake imezidi maradufu, lakini bado iko chini ya nusu ya dola 750 ambazo meli ya anasa ingeweza kumtoza. Hoja ya mawakala kwamba anasa "hujilipa yenyewe" haisimami hapa.

Mambo hubadilika akitaka chumba kikubwa chenye roshani katika meli ileile ya kawaida. Nauli ikipanda hadi dola 450 na nyongeza zikibaki zilezile, atalipa dola 674, na hapo pengo limebaki dogo kiasi cha kumfanya aufikirie upya uamuzi wake.

Kwa asiyekunywa pombe hesabu huenda upande wa pili kabisa. Familia ya Kiislamu, mama mjamzito au mzee wa kahawa akinunua nauli jumuishi hulipia shampeni ya jirani. Asiyekunywa, anayetembea mwenyewe bandarini, atatumia katika mfano huu dola 178 kwa siku. Tofauti yake na anasa inapita dola 4,000 kwa wiki moja, kwa mtu mmoja. Jambo hili lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye vipeperushi vyote, lakini haliandikwi. Msafiri wa peke yake huumia katika mitindo yote miwili, kwani mara nyingi hutozwa nyongeza inayoweza kufikia nauli ya mtu wa pili.

Nafasi

Thamani halisi ya anasa imo katika nafasi kuliko katika vinywaji. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kazi Januari 2024, ina ujazo wa tani 248,663 na abiria 5,610 vyumba vikilaliwa na wawili wawili. Kila abiria anapata tani 44. Seven Seas Explorer ya mwaka 2016 ina tani 55,254 kwa abiria 750, yaani karibu 74 kwa kila mmoja. Msafiri huihisi tofauti hiyo kwenye foleni ya lifti, kwenye viti vya jua asubuhi na wakati wa kushuka bandarini. Kwa upande mwingine, watoto hawana mengi ya kufanya katika meli nyingi za anasa.

Bakshishi

Katika kampuni kubwa bakshishi ya kila siku hugawanywa kwa wahudumu wa vyumba na wa mezani, na kwa wengi wao ni sehemu kubwa ya kipato. Abiria anayekwenda kaunta kuifuta ili apunguze gharama anakata mkate wa mtu anayeosha choo chake. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unaruhusu hadi saa 14 za kazi kwa siku na 72 kwa wiki. Katika meli za anasa bakshishi imo ndani ya nauli.

Bandari

Tangu Agosti 2021 Venice imezuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya mji wa kale, katazo linalozigusa pia meli nyingi za anasa.

Afrika Mashariki

Mombasa na Zanzibar hupokea meli za aina zote mbili. Novemba 2005 maharamia wa Kisomali waliishambulia Seabourn Spirit ikielekea Mombasa. Ilifanikiwa kukimbilia Shelisheli, na kwa miaka kadhaa meli nyingi zikaikwepa pwani hii. Abercrombie & Kent, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1962 kama kampuni ya safari za mbugani, ni sehemu ya kundi lililonunua meli mbili za Crystal baada ya kampuni hiyo kusimama mwaka 2022. Zilirudi baharini mwaka 2023.

Hali ya sasa

Mwaka 2023 abiria wa meli za kitalii duniani walikuwa milioni 31.7, wakiupita mwaka 2019 kabla ya korona. Kampuni za kawaida sasa huuza vifurushi vinavyounganisha vinywaji na intaneti. Baadhi zimetenga eneo la faragha ndani ya meli kubwa, kama Yacht Club ya MSC iliyoanza na MSC Fantasia mwaka 2008.